Acheni kupimiana dawa kwenye chupa za soda

Ndugu mkulima, ukipimiwa dawa ya nyanya kwenye chupa ya soda umenunua sumu isiyo na jina. Lebo imebaki dukani, pamoja na rangi ya mkanda (nyekundu ni sumu kali kuliko zote), kipimo cha bomba, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kubwa zaidi ni jina la kiambata. Aliyedhurika na profenofosi hutibiwa kwa atropini, lakini si kila sumu ya shambani inatibika hivyo. Ukimpelekea mganga chupa ya soda, atabaki kubahatisha.

Najua, lita nzima ni ghali. Basi changeni majirani watatu, nunueni moja yenye lakiri, kila mtu aje na bomba lake mchanganye shambani siku hiyo hiyo. Nawe mwenye duka, agiza chupa ndogo za kiwandani, mililita 100 zipo. Faida ya kupima ni ndogo mno. Mtoto akiinywa utawaeleza nini wazazi wake?

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu, maji hayo yaingie kwenye bomba, kisha itoboe.