Kipindupindu, bomba na kikao cha mtaa

Kila masika yakikaribia, magari ya matangazo hupita mitaani na vipaza sauti: nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, usile chakula kilichopoa. Ni maneno ya kweli, na safu hii itaendelea kuyasema. Lakini kuna swali ambalo gari la matangazo hupita bila kulijibu. Hayo maji ya kunawia yatoke wapi?

Tufanye hesabu ndogo. Tulifundishwa madrasa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja. Kibaba ni kama robo tatu ya lita. Nyumba yenye watu sita wanaoswali, wakitawadha mara tano kwa siku kwa ubanaji huo huo wa Sunna, inahitaji zaidi ya lita 22. Dumu la lita 20 limekwisha na halijatosha, na hapo hatujapika, hatujafua, hatujastanji wala kumwogesha mtoto. Mama anayenunua maji kwa muuza mkokoteni lazima abane mahali. Kwa kawaida anabana kwenye kunawa mikono. Kisha kipindupindu kikiingia, anaambiwa ni mchafu.

Mimi sikubaliani na lugha hiyo. Kipindupindu hupita katika kinyesi kinachofika kwenye maji au chakula, na kinyesi hicho kufika au kutofika huamuliwa sana na watu ambao mama huyu hajapata kuwaona.

Chukueni Dar es Salaam. Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi mwaka 1891, na Waingereza baada yao wakaugawa mji katika kanda tatu, ambazo wenyeji walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya, yaani maradhi ya Waswahili yasivuke. Huduma zilianzia upande mmoja. Mkoloni kaondoka, lakini mabomba na mifereji aliyoipanga haikuhama, na mji ukakua kwa kasi kuliko mipango. Nyumba zikajengwa zikibanana hata gari la kunyonya vyoo halipiti. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha wako wanaotapisha vyoo usiku, na kinyesi kinaelea hadi mlangoni kwa jirani. Ni dhulma, na dini inatukataza kumdhuru jirani. Ila anayelaani ulizeni pia nani alipima viwanja na nani hakupima.

Halafu kuna mikataba. Mwaka 2003, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water. Serikali iliuvunja mkataba Mei 2005. Kazi ikapewa DAWASCO, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASA. Kwa aliyekuwa na bomba hizi zilikuwa habari za gazetini na za ankara. Kwa asiyekuwa nalo, kila mwaka wa malumbano ni mwaka mwingine wa dumu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2015. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi Agosti, katikati ya pilikapilika za uchaguzi, kikasambaa mikoani. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 akaamuru siku hiyo iwe ya usafi. Uamuzi ule ulikuwa mzuri na watu walifagia kweli. Lakini fedha za sherehe, shilingi bilioni 4, zilielekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Sisemi barabara haina faida. Nasema ufagio tulipewa sisi na bajeti ikaenda kwenye lami, na msomaji apime mwenyewe.

Wako ndugu zetu wanaosema siasa ni uchafu, Muislamu akae nayo mbali. Basi na wakumbuke kisima cha Ruma pale Madina. Maji yalikuwa yakiuzwa, masikini wakitaabika, na Mtume (s.a.w.) akahimiza kinunuliwe. Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua, akakifanya wakfu. Suala la nani anamiliki maji lilishughulikiwa kwa uamuzi na fedha, si kwa nasaha pekee.

Wakfu wa visima tunao, alhamdulillah, na hapa niseme jambo la kitabibu. Visima vingi vya misikiti ni vifupi na viko karibu na vyoo. Katika fiqhi yetu ya Shafii, maji yakifika kulatein, karibu lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya twahara. Kijidudu cha kipindupindu hakibadilishi rangi wala harufu, kwa hiyo maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasifae kunywa kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Maimamu walieleze hili, maana watoto wa madrasa huyanywa hayo hayo.

Kamati za misikiti zisichimbe kisima chini ya mita 30 kutoka chooni, na zimwombe afisa afya apime maji yaliyopo. Misikiti mitatu ya mtaa mmoja, badala ya kila mmoja kutafuta mfadhili wa kisima chake, iende pamoja mamlaka ya maji kuulizia gharama za kuvuta bomba na kuweka kioski. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa, waende akina mama, maana wao ndio wanaojua dumu linauzwa bei gani. Waulize kwa jina la barabara na namba ya nyumba bomba litafika lini, na mwenyekiti aandike jibu katika muhtasari.