TAHARIRI: RUMADA ZA MASHUA YETU



Mashua yetu imeegemea magogo pale pwani, usukani umelala chini ya mkungu, na maneno yamekuwa mengi kuliko nazi zilizorundikwa bandani. Gazeti hili la ukutani haliwezi kunyamaza.

Kila mtu anajua yaliyotokea. Rumada ya juu iling'oka katikati ya kusi, chomboni mkiwa na magunia ya nazi na abiria sita, wawili kati yao akina mama wenye watoto wachanga. Nahodha na mabaharia wake waliufunga usukani kwa kamba usipotee, wakashusha tanga, wakaongoza chombo kwa kasia mpaka nyumbani. Tunawapa hongera. Lakini hongera haifungi usukani.

Sasa wapo wanaosema tuchome vipande vya nondo, tupigilie misumari, kesho twende zetu. Hatuwacheki. Kila siku mashua inapokaa mchangani nazi zinaota, na deni la dukani halingoji. Wapo pia wanaotaka zile rumada za stenlesi alizoleta ndugu mmoja kutoka mjini, zinazong'aa kama kijiko cha harusi. Na wengine wanasema shaba tu, shaba haina kutu.

Hebu kwanza tutazame kilichotuponza. Rumada iliyong'oka haikuvunjika. Nenda kaitazame, iko nzima kabisa! Kilichokwisha ni misumari yake. Safari ile ya matengenezo tulifunga bamba la shaba kwa misumari ya chuma, na aliyeandika haya alikuwepo akishangilia jinsi shaba inavyopendeza. Misumari imeliwa ikabaki myembamba kama sindano, na ubao kuizunguka umegeuka mweusi, unachimbika kwa ukucha.

Sababu ni hii. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa kama betri ya tochi. Mnajua betri ikizeeka lile kopo lake la zinki hutoboka na kuharibu tochi. Ndivyo hivyo hivyo, metali iliyo dhaifu huliwa, yenye nguvu husalimika. Mbele ya shaba, chuma ndicho dhaifu. Na chuma kikiwa kidogo kama msumari na shaba ikiwa kubwa, mambo huenda mbio.

Wala siyo sisi wa kwanza kupigwa na jambo hili. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao Alarm kwa mabati ya shaba chini ya maji ili wadudu wa mbao wasiitoboe. Walipoikagua mwaka 1763 wakakuta misumari ya chuma imeliwa palipogusana na shaba. Lakini mahali ambapo ile karatasi ya kaki iliyofungia mabati ilisahauliwa katikati, chuma kilikuwa kizima. Uzembe wa mtu kusahau karatasi uliwafundisha wenzetu. Uzembe wetu na utufundishe sisi.

Basi tuje kwenye shauri. Shaba ya njano, ile ya bawaba za milango, ina zinki ndani yake. Bahari huinyonya ile zinki, inabaki shaba laini ya rangi nyekundunyekundu isiyo na nguvu. Stenlesi nzuri ya baharini ipo, ile daraja la 316, lakini hata hiyo hutaka hewa. Ukiizika ndani ya ubao mbichi wenye maji yasiyotembea, huliwa vishimo gizani, nje inang'aa, ndani kwisha. Hizo za ndugu yetu hatujui ni daraja gani, na naye hakuambiwa. Shaba nyeusi ndiyo bora kuliko zote, hilo hatubishi. Ila anayeitaka akumbuke kwamba misumari yote ya mashua hii, toka mkuku mpaka ubao wa juu, ni ya chuma. Tutaleta mla watu tumweke sebuleni.

Kwa hiyo tahariri hii inaunga mkono chuma kilichochovywa katika zinki ya moto, rumada na bolti na nati na washa, vyote namna moja. Havitadumu milele. Lakini vikianza kuchakaa tutaviona kutu nje, na mhunzi wetu anaweza kufua vingine hapa hapa. Angalizo kwake: matundu yote yatobolewe na uchomaji wote uishe KABLA ya kuchovya. Ukitoboa baadaye umeiondoa ile ngozi, na moshi wa zinki ikichomwa ni sumu, humlaza fundi kwa homa.

Halafu kazi yenyewe, na hapa ndipo tulipolipua mara iliyopita. Ubao mweusi ukatwe wote mpaka kwenye mti mgumu, mtu asiuonee huruma. Matundu ya zamani yazibwe kwa vigingi vya mti mkavu, vigongwe na deheni, na matundu mapya yapite pembeni, siyo mule mule. Misumari tusiione tena. Tunataka bolti zinazopenya mpaka ndani, na nyuma yake kibao kigumu na washa pana, ili nguvu ya usukani isibebwe na nyuzi chache za mbao. Keekee iende taratibu, tundu libane bolti. Chini ya kila bamba ilale pamba na deheni, maji yasipate pa kuingilia.

Vipimo visichukuliwe chini mchangani. Usukani uning'inizwe mahali pake kwa kabari, ndipo alama zitiwe. Pini zote zifuate uzi mmoja ulionyooka. Zikipishana hata kidogo, usukani utabana na nahodha atavunjika mabega. Pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu kwa kama inchi moja. Mtu akiwa majini mpaka kifuani, anaingiza ile ya chini kwanza, kisha ya juu inajipata yenyewe. Na juu yake pawe na kizuizi, maana siku usukani ukigusa fungu hunyanyuka ukachomoka wote.

Halmashauri inasema gharama itazidi nondo. Ni kweli, na siku pia zitazidi. Wenye nazi zinazoanza kuota wazifue mbata sasa hivi, wasingoje mashua.

Kazi itaanza bamvua ya mwezi mpevu ujao. Siku hizo maji hukupwa asubuhi kama saa nne, kwa hiyo tufike saa mbili, tutapata muda mpaka saa saba. Mwenye keekee nzima aje nayo, ya ushirika imekatika meno. Akina mama wa kikundi cha kamba wameahidi pamba. Chokaa ya deheni bado haijapatikana, anayo nani? Amwone katibu kabla ya Ijumaa.

Misumari ya zamani tumeitundika hapa chini kwa uzi. Kila mtu aishike aone, ila asiondoke nayo.