Injini ya turbo kutoka mkweche: faida iko barabarani, hasara inasubiri mpakani

Mwenye gari la abiria au mizigo ambalo injini yake ya dizeli imechoka ana njia tatu. Anaweza kuifungua injini na kuifanyia ukarabati mkubwa, anaweza kununua gari jingine, au anaweza kununua injini ya turbo na giaboksi yake vilivyotolewa kwenye gari lililooza bodi huko ng'ambo na kuvifunga kwenye gari lake.

Njia hii ya tatu ina wateja wengi Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala. Hata hivyo, wengi wanaoumia nayo hupiga hesabu ya bei ya injini peke yake. Kwa msafirishaji anayevuka mipaka, bei hiyo ni sehemu tu ya gharama.

Kwa nini bodi huoza na injini hubaki

Sehemu kubwa ya injini hizo chimbuko lake ni Japani, na nyingi hupitia Sharjah na Dubai kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam. Katika maeneo ya Japani yenye theluji, kama kisiwa cha Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula sakafu na chesisi ya gari, wakati injini bado ina maisha.

Sheria za huko nazo huharakisha mambo. Gari dogo la binafsi likiwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na chesisi iliyooza haipiti. Kodi ya mwaka ya gari la dizeli huongezwa kwa takriban asilimia 15 likifikisha miaka 11. Aidha, kuanzia mwaka 2002 magari mengi ya zamani ya dizeli yalizuiwa kusajiliwa katika maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya kwa sababu ya moshi. Mwenye gari huona ni nafuu kuachana nalo.

Upande wa pili, gari zima haliingii kirahisi Afrika Mashariki. Kenya hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka 8, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilizuia magari yaliyozidi miaka 15, isipokuwa aina chache. Tanzania huyatoza magari ya zamani ushuru wa ziada. Kwa hiyo gari ambalo haliwezi kuvuka bahari likiwa zima husafiri likiwa vipande, na kipande chenye thamani kubwa ni injini na giaboksi.

Faida ya turbo ni mlimani

Mfano ulio wazi ni Toyota Hiace yenye injini ya 3L. Injini hiyo ya ujazo wa cc 2,779 haina turbo na hutoa takriban nguvu farasi 90. Injini ya 1KZ-TE, ambayo ujazo wake ni cc 2,982 na ina turbo, hutoa takriban 130, na nguvu yake ya kuvuta inazidi ile ya 3L kwa karibu nusu.

Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye miinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Katika barabara ya Nairobi kwenda Malaba, eneo la Timboroa liko takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo injini ya namna hiyo inakuwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Turbo husukuma hewa ndani ya silinda na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kwa gari linalozunguka Dar es Salaam, faida hiyo ni ndogo. Dereva aliyezoea kukanyaga mafuta hadi mwisho anaweza hata kutumia dizeli nyingi kuliko zamani.

Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Injini ikinunuliwa bila kontrolboksi na waya zake haina kazi, kwa sababu 1KZ-TE huongozwa kwa umeme. Injini mpya zaidi, kama 1KD-FTV, nyingine hufungwa kwa ufunguo maalumu, na bila ufunguo huo haziwaki. Klachi ya zamani haitahimili nguvu mpya. Rejeta nayo lazima iongezwe uwezo, kwani 1KZ-TE inafahamika kwa kupasuka silinda hedi inapochemka. Breki nazo zikaguliwe, maana gari litakuwa na mwendo mkubwa zaidi.

Kutu nayo husafiri pamoja na injini. Mnunuzi aangalie soketi za waya zilizoota ukungu wa kijani, mabomba ya oili na boliti za ekzosi. Afungue mpira wa hewa ya turbo: oili nyingi ndani yake, au shafti inayocheza huku na huku, ni dalili kwamba turbo imekwisha.

Kuna pia gharama ya kusimama. Gari linalofanya safari 3 kwa wiki likilala gereji siku 14 limekosa safari 6. Kama fundi anatafuta waya kipande kimoja kimoja, siku hizo huongezeka haraka.

Namba ya injini ni sehemu ya mzigo

Hapa ndipo wasafirishaji wengi huteleza. Kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, kadi nayo lazima ibadilishwe, kupitia NTSA nchini Kenya au TRA nchini Tanzania. Ili hilo lifanyike, mwenye gari anahitaji uthibitisho kwamba injini imelipiwa ushuru na imenunuliwa kihalali. Anayenunua bila risiti kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo hujifungia mlango huo.

Ndani ya nchi gari linaweza kutembea miaka bila mtu kufunua boneti. Namanga, Rusumo au Malaba ni habari nyingine, kwa kuwa kibali cha kuingia kwa muda hutolewa kwa kufuata kadi. Namba isipolingana, gari hushukiwa kuwa la wizi, na mzigo wa mteja hubaki juu yake. Bima nayo, ikiwemo Yellow Card ya COMESA, hukatwa kwa maelezo ya gari. Ajali ikitokea ng'ambo ya mpaka, maelezo yasiyo sahihi humpa mwenye bima sababu ya kubishana juu ya fidia.

Kwa hiyo hesabu ya msafirishaji ianze na makaratasi. Injini yenye risiti, hati ya forodha, kontrolboksi, waya na giaboksi yake inaweza kugharimu zaidi siku ya kuinunua, lakini ndiyo inayofika Kigali na kurudi.