Mtoeni Nje, Mpeni na Kalamu

Wazazi wenye mtoto kilema humpenda, lakini pengine upendo wao humfunga. Humweka ndani asianguke wala asichekwe. Ndugu zake huenda shambani na mtoni, naye hubaki akihesabu boriti za dari. Akisema anatamani kuchora miti na milima, huambiwa: «Nani atakupeleka? Na mikono hiyo itashika nini?»

Maneno hayo twayajibu kwa habari ya mtu mmoja. Auguste Renoir alizaliwa Limoges, katika Ufaransa, mwaka 1841, mwana wa mshona nguo. Alikuwa miongoni mwa wachoraji waliopenda kutoka nje na kuchora mahali penyewe, juani. Uzeeni baridi yabisi ilimkunja vidole na kumnyima miguu. Mwaka 1907 alinunua shamba la mizeituni huko Cagnes, karibu na bahari. Huko alibebwa kitini mpaka chini ya miti. Viganja vyake vilizungushiwa kitambaa ngozi isichubuke, kisha mtu akamtia brashi mkononi. Bustanini alijengewa kijumba chenye vioo vikubwa, apate kuona miti hata siku za baridi. Hakupona. Lakini alichora mpaka alipokufa, mwezi wa Desemba 1919.

Tuangalie vema jambo hili. Watu walimbeba, wakamshikisha brashi, lakini hawakumchorea. Jicho lilikuwa lake, na rangi alichagua mwenyewe. Kumsaidia mtu si kumnyang'anya kazi yake, bali kumfikisha mahali pa kazi yake. Wale wanne wa Injili ya Marko waliombeba mwenye kupooza hawakungoja apone ndipo wamtoe nyumbani. Walimchukua alivyo, na njia ilipozibwa na watu, wakapitia darini.

Basi, ninyi wazazi, tandikeni mkeka chini ya mwembe. Wekeni ubao mwepesi juu ya magoti ya mtoto. Vidole vikiwa dhaifu, zungusheni kitambaa kwenye kalamu mpaka iwe nene, isiponyoke. Mikono ikishindwa kabisa, ajaribu kwa vidole vya mguu, au kwa meno. Wako wengi wachorao hivyo. Jua likigeuka, msogezeni kivulini, kisha mwacheni achore.

Na ninyi wanafunzi, siku isiyo ya masomo mpakieni kwenye baiskeli, mmpeleke mahali anapotaka kupachora. Msimcheke, wala msimpokonye kalamu mkisema mnamnyoshea mstari. Mstari uliopinda ni wake.

Pengine picha zake hazitanunuliwa na mtu. Haidhuru. Mungu alipotazama vyote alivyoviumba, aliona ni vyema. Naye mtoto huyu aliumbwa kwa mfano wake Mungu. Tukimfungia ndani, twamnyima kuvitazama vile vyema, na kijiji chamkosa shahidi mmoja.