Upepo wa Wote, Malisho ya Wenyewe

Upepo ni wa wote, bali malisho yana wenyewe. Mnamo tarehe 11 Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwa kauli moja kwamba leseni za mitambo ya umeme wa upepo huko Fosen zilivunja haki za Wasami, wenyeji wanaofuga kulungu wa nchi za baridi. Wanyama hao huikwepa mitambo, nayo ilisimikwa katika malisho yao ya kipupwe. Hata hivyo, mitambo yote 151 haikuondolewa. Mapatano ya fidia yalikamilika mwaka 2024.

Sisi twaipenda nishati safi. Lakini ni usafi gani huo unaompokonya mnyonge riziki yake? Mwenye malisho na asikilizwe kabla ya nguzo kusimikwa, si baada ya hukumu.