Si Sheria Iliyoyaua Magari ya Kiingereza

Kila Jumapili asubuhi, hapa Machakos, mimi huliwasha gari langu nikateremka nalo mpaka Kyumbi, njia panda ya barabara kuu iendayo Mombasa, kisha nikarudi nyumbani kunywa chai. Gari lenyewe ni MGB, jekundu, la viti viwili, halina paa ila turubai. Lilikuwa la marehemu ami yangu wa Mombasa. Mirathi ilipogawanywa, ndugu walikubali nilichukue katika fungu langu, nami nikalipandisha bara nilikohamia kwa kazi.

Wenzangu wanaoyapenda magari haya wana neno lao moja. Husema kwamba magari ya spoti ya Kiingereza yaliuawa na sheria za moshi, na husema hivyo kwa uchungu, kama mtu anayesimulia dhuluma. Nami kwa miaka mingi niliamini vivyo hivyo. Leo nasema sivyo.

Ni kweli kwamba Marekani ilitunga sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na Marekani ndiyo iliyokuwa soko kubwa la magari hayo. MGB lilianza kuundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962. Yaliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengi yalivuka bahari. Lakini sheria ilipokaza, kampuni ya British Leyland haikuunda injini mpya. Ilichukua ile ile ya zamani, ikaitwisha mabomba na vyombo vya kusafishia moshi, ikang'oa kabureta mbili na kuweka moja. Katika magari ya kupelekwa Marekani, nguvu za farasi zilishuka kutoka takriban 95 hadi chini ya 70. Na ili bampa na taa zifikie kimo kilichoamriwa huko, gari likainuliwa inchi moja na nusu, likawa linayumba kwenye kona. Triumph TR6 nalo, lililokuwa na nguvu 150 kwao Uingereza, lilimfikia Mmarekani likiwa na kama 104. Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa.

Hapo ndipo lawama zote zikatupiwa sheria. Lakini sheria hiyo iliwabana Waingereza peke yao? La hasha! Wajapani nao walikuwa wakiuza huko huko. Wasomaji wa makamo watalikumbuka Datsun 240Z, lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Gari hilo lilinunuliwa kwa wingi Marekani chini ya sheria zile zile. Na mwaka 1989 Mazda ilitoa MX-5, gari dogo la wazi, umbo lake la Kiingereza kabisa, injini yake safi. Yameuzwa zaidi ya milioni moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waingereza waliuona ufa wakaupaka rangi.

Hata hivyo, sina haki ya kuwacheka, kwani nami nilikuwa na ufa wangu.

Jirani yangu hapa ni mama wa Kikamba, mtu mzima, anayelea mjukuu. Asubuhi moja alinijia kwa upole. "Mwanangu," akasema, "gari lako hata mimi nalipenda. Lakini likiwashwa tu, mjukuu wangu hushikwa na pumu."

Nikamjibu, "Mama, ni gari la zamani. Ndivyo lilivyo."

"Na mtoto naye ndivyo alivyo," akasema, akaenda zake.

Maneno hayo yalinikaa moyoni hata msikitini. Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi wa jua kali. Alilitazama likinguruma akasema moshi mweusi ni petroli inayozidi, na ule wa buluu ni oili inayoungua. Langu lilitoa wote wawili. Tena injini zile ziliundwa kwa petroli iliyotiwa madini ya risasi, ambayo ililinda vikalio vya valvu visilike. Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Wapo waliosikitika. Lakini risasi hudhuru akili za watoto, na dawa ya injini ipo: kutia vikalio vya chuma kigumu. Fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya rangi mpya na viti vya ngozi zikaishia hapo, kwenye valvu, ringi za pistoni na kabureta.

Nchi yetu ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014. Kule London, gari lililopita miaka 40 husamehewa ada ya eneo la hewa safi. Mimi siombi msamaha huo hapa. Naomba gari lipimwe kwa moshi wake, si kwa umri wake. La kale likifaulu, liachwe litembee, nasi tuone kazi ya mikono ya watu waliotutangulia. Lisipofaulu, lirudi gereji, hata likiwa la kifahari vipi. Na matatu au lori jipya linalofukiza moshi barabarani lipate hukumu hiyo hiyo.

Rangi ya gari langu bado imepauka, na viti vimechanika. Lakini Jumapili hizi, nikiliwasha, yule mtoto hutoka mlangoni kulitazama, na bibi yake hamrudishi ndani. Basi ndugu yangu mwenye gari la kale, litengeneze kwanza, ndipo uilaumu sheria.