Piki ikizimika, msikimbilie karbirateri

Wapendwa wanachama wa vyama vya ushirika, tangu Kamanyola mpaka Makobola,

Mwezi wa tatu, saa saba za mchana, nilisimama kando ya barabara ya taifa namba 5 kati ya Runingu na Sange. Piki ilikuwa imezimika. Ni ile ya zamani mnayoijua, Yamaha DT 125 ya miaka ya 1970, ambayo mradi mmoja uliuachia ushirika wetu. Asubuhi kule Uvira iliwaka kwa kiki moja tu. Jua lilipopanda ikaanza kukohoa, ikakosa nguvu, kisha ikanyamaza. Nilipiga kiki mpaka mguu ukachoka.

Sange wanachama walikuwa wananingoja. Walikuwa wameona viwavijeshi vamizi katika mahindi machanga, wakanipigia simu mapema, sawa kabisa na vile tulivyowafundisha. Nilisukuma piki mpaka kwa fundi. Hakuuliza hata swali moja, alifungua karbirateri moja kwa moja. Akaisafisha kwa esansi, akaipuliza, akairudisha, na tukalipa. Piki ikawaka kwa sababu ilikuwa imepoa, ikatembea kidogo, ikazima tena. Siku ya pili karbirateri ikafunguliwa tena. Siku ya tatu tukaambiwa tununue nyingine mpya.

Nilifika Sange siku ya nne. Viwavi walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya kiini cha mmea, na kule ndani dawa haiwafikii vizuri tena. Mama mmoja aliniangalia, akasema: "Bwana agronomu, umekuja kwa matanga?" Sikuwa na jibu.

Karbirateri haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa upande wa moto: kondansateri moja ndogo, na viziplatine vilivyolika. Najua mtashangaa agronomu anawaandikia juu ya viziplatine, lakini mimi naona hesabu ya mahindi yale inaanzia pale.

Tuanze na namna moto unavyopigwa. Katika piki hizi za mipigo miwili, zile za kuchoma oili pamoja na esansi, buji inapiga moto kila mzunguko wa injini. Viziplatine ni vile vipande viwili vidogo vya chuma vilivyo nyuma ya gurudumu la sumaku, lile mafundi wanaita volani. Vinagusana, vinaachana, na pale vinapoachana ndipo moto unaruka kwenye buji. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, vinaachana mara 50 kwa sekunde moja. Kondansateri inazuia cheche zisivichome. Ikichoka, viziplatine vinaungua na kufanya mashimo, moto wa buji unakuwa mwembamba na wa manjano, na mara nyingi ugonjwa unaonekana injini ikishapata joto. Bobini yenye ufa ndani inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo piki inayowaka vizuri asubuhi na kufa mchana, mniamini, muichunguze kwanza upande wa moto.

Kuna ugonjwa wa pili ambao unadanganya zaidi. Kile kisigino kinachosukuma viziplatine kinalika polepole, hasa kama kile kitambaa cha kukipaka grisi kimekauka. Kikilika, nafasi kati ya vipande inapungua, na moto unaanza kuchelewa. Haupotei, ndiyo maana mtu akiangalia buji anasema "moto iko". Iko, ndiyo, lakini inafika kwa kuchelewa. Piki inakuwa nzito, inapata joto kupita kiasi, inakunywa esansi nyingi, inakataa kupanda mlima wa Lemera. Na mtu akisikia "inakunywa esansi" atashika nini? Karbirateri! Hapo ndipo pesa za ushirika zinapotelea. Sisi tunaopanda kwa kufuata mvua tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa: mbegu nzuri iliyopandwa wiki tatu nyuma ya mvua ni mbegu ile ile, mavuno ndiyo yanabadilika.

Moto ukija mapema mno nako ni hatari. Kiki inakurudishia mguu kwa nguvu, injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na mwishowe pistoni inatoboka. Tena injini ya mipigo miwili inaweza hata kuwaka ikizunguka kinyume. Niliwahi kuona kijana wa Kiliba anatia vitesi ya kwanza, piki ikarudi nyuma mpaka kwenye meza ya muuza mandazi. Watu walicheka, yeye akasema ni uchawi. Ulikuwa moto uliopangwa vibaya.

Basi kabla ya kulipa mtu, fanyeni hivi. Toeni buji, irudisheni kwenye kofia yake, igusisheni kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la buji na mbali na esansi yoyote, kisha pigeni kiki. Mnatafuta cheche ya buluu yenye mlio. Ikiwa ya manjano na dhaifu, wekeni buji mpya kwanza, maana ndiyo rahisi kuliko vyote. Kama haikubadilika, fungueni kifuniko cha volani. Baada ya kuvuka maji mtakuta matope na kutu humo ndani, hata msishangae. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, piki nyingi zililala ndani ya maji. Viziplatine vikiwa vichafu, safisheni kwa msasa laini sana, kisha pitisheni karatasi safi yenye esansi kidogo, maana mafuta ya kidole peke yake yanatosha kuzuia umeme. Vikiwa na mashimo, badilisheni pamoja na kondansateri yake. Kubadilisha viziplatine na kuacha kondansateri mbovu ni kununua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Nafasi ya viziplatine vikiwa wazi kabisa, kwa piki hizi, ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ukiipanua, moto unakuja mapema, ukiipunguza, unachelewa. Kwa hiyo hauwezi kugusa nafasi bila kugusa saa ya moto. Hiyo saa inapimwa kwa pistoni: moto upige wakati pistoni imebakiza kidogo kufika juu, kwa injini hizi ndogo karibu milimita 2, na hesabu kamili iko katika kitabu cha piki yenu. Volani nyingi zina alama yake. Kujua viziplatine vinaachana saa ngapi, tumieni karatasi ya sigara: ibaneni katikati, zungusheni volani polepole kwa mkono, huku mnaivuta kidogo. Pale inapoteleza ndipo moto unapiga. Wengine wanatumia taa ya tochi, lakini kwenye volani ya sumaku inadanganya, kwa sababu umeme unapata njia nyingine kupitia bobini. Mimi nashika karatasi.

Kama saa ya moto imehama ghafla, siyo polepole, angalieni klavete, kile kichuma kidogo kinachoshika volani kwenye mhimili. Kikikatika, volani inateleza. Na hapa nina uchungu. Piki yetu iliwahi kutolewa volani kwa nyundo. Nyundo! Mhimili ulipinda, na mpira unaozuia hewa pembeni ukaharibika. Injini ikawa inavuta hewa kwa pale, inapiga kelele peke yake bila kushika gazi, tukarudi tena kusingizia karbirateri. Volani inatolewa kwa ekstrakteri yake, kifaa kinachoenea mkononi. Fundi asiyekuwa nacho asiruhusiwe kuigusa.

Siwalaumu mafundi vijana. Wamekulia kwenye TVS za mipigo minne, ambazo hazina viziplatine hata kidogo; hawajawahi kuonyeshwa. Lawama nyingine naiweka kwetu sisi wa miradi, hata kama naandika katika jarida la shirika. Tunakabidhi piki kwa sherehe na picha. Tunapanga bajeti ya esansi ya miezi 12, halafu hakuna anayeandika mstari mmoja wa viziplatine viwili, kondansateri, buji, ekstrakteri na kipimo cha majani ya chuma. Vyote hivyo vinaenea ndani ya kopo la maziwa.

Wako wanaosema tuuze hizi za zamani tununue mpya. Kama mhimili umekufa, nakubali, uzeni. Lakini piki nyepesi yenye injini isiyo na mambo mengi, inayobebeka na watu wawili kuvuka mto bila daraja, siyo takataka. Wengi wanaoiuza wanaiuza kwa bei ya chuma kwa sababu ya kondansateri moja.

Ombi langu kwa kamati: kila ushirika wenye piki ya namna hii uchague wanachama wawili, mmoja wao awe mwanamke, wajifunze kazi hii siku moja. Mimi nitakuja kuwaonyesha, bila malipo, mradi kuwe na piki ya kufungulia. Wanaoangalia viziplatine kabla ya msimu A, na tena kabla ya msimu B, hawatasukuma piki juani kama mimi.

Ekstrakteri yetu iko Sange, kwa katibu. Anayeihitaji aandike jina na tarehe katika daftari, na airudishe ndani ya siku mbili.